Ndani na Nje: Mwanamke katika Msamiati na Historia ya Bagamoyo

Mwaka 1903 kilichapishwa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Jina lililowekwa katika jalada ni la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maandishi yenyewe ilitoka katika kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, Mzaramo kwa nasaba na Mwislamu kwa dini na elimu, ambaye tangu mwaka 1900 alikuwa akiwafundisha Wajerumani Kiswahili huko huko Berlin. Kitabu kinaeleza maisha ya watu wa Mrima tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, na kurasa nyingi zinamhusu mwanamke: kulelewa kwake, kuingizwa unyagoni, kuposwa, kuolewa, kuzaa, kuachwa na kukaa eda.

Kwa zaidi ya miaka mia moja kurasa hizo zimenukuliwa kama ushahidi wa jinsi Waswahili wanavyomtazama mwanamke. Mtoro mwenyewe hakudai hivyo. Alikusanya desturi za mji ambao ndani yake walikutana Washomvi waliojinasibisha na Shirazi, Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua wa bara ya karibu, Waarabu wa Oman, Wahindi, Wanyamwezi waliokuja na misafara, watumwa kutoka pande za Nyasa na Kongo, na tangu mwaka 1868 mapadre na masista Wakatoliki. Kila kundi lilikuwa na fikra zake juu ya mwanamke, na fikra hizo ziliacha maneno. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba Kiswahili kiliyapokea maneno hayo yote bila kuyapatanisha, na kwamba anayeyasoma leo kama mfumo mmoja hukosea historia na hukosea isimu pia.

Njia ya kulionyesha jambo hilo ni kufuata neno dogo, yaani ndani. Katika lugha ya pwani mwali huwekwa ndani. Mke wa muungwana hukaa ndani. Mjane hukaa eda, nayo ni kukaa ndani. Mtawa wa Kikristo jina lake limetokana na kukaa ndani. Mgeni aliyepita Bagamoyo katika karne ya 19 aliona milango ya nakshi iliyofungwa na wanawake nyuma yake, akaandika kwamba hiyo ni desturi moja ya Mashariki. Zilikuwa desturi kadhaa, na baadhi yake hazikuwa na uhusiano wowote na Mashariki.

Malipo ya ndoa

Kabla ya kuingia ndani, yafaa kusimama mlangoni. Katika Mrima, mwanamume aliyeoa hakulipa kitu kimoja. Kwanza kulikuwa na mahari, neno la Kiarabu na jambo la sheria ya Kiislamu: mali hiyo ni haki ya bibi harusi mwenyewe, si ya baba yake wala ya mjomba wake, hata kama mara nyingi ilibaki deni mpaka talaka au kifo. Kando ya mahari kulikuwa na malipo ya ada. Kilemba kilikwenda kwa baba. Mkaja na ubeleko vilikwenda kwa mama. Kifungua mlango walipewa wanawake waliouzuia mlango wa chumba kabla bwana harusi hajaingia, na kipa mkono alipewa bibi harusi.

Mkaja ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Maneno haya ni ya Kibantu, na yanataja mwili wa mama: tumbo lililozaa na mgongo uliobeba. Mwanamume anayetoa mkaja anakiri deni kwa mwanamke aliyemzaa mkewe. Sheria ya Kiislamu haina malipo hayo, wala haiyakatazi. Wanazuoni wa pwani waliyaacha yaendelee kama ada. Kwa hiyo katika harusi moja ya Bagamoyo fikra mbili zilikaa pamoja. Ya kwanza inamtambua bibi harusi kama mtu binafsi mwenye mali yake. Ya pili inamtambua kama tunda la mama na la ukoo wa mama. Haipatani vema na usemi unaopendwa na wengi kwamba mahari ni bei ya mwanamke, usemi ambao hautofautishi hata malipo haya mawili.

Sarufi nayo ina lake. Mume huoa, mke huolewa, baba au walii huoza, na binti huozwa. Katika seti hiyo mwanamke hukaa nafasi ya mtendwa, na ndiyo maana wengi wameitumia kauli ya kutendwa kuthibitisha kwamba Kiswahili kinamdharau. Ushahidi huo una uzito, lakini usibebeshwe zaidi ya uwezo wake. Lugha hiyohiyo haina jinsia katika nafsi: anakuja ni mume au mke, na mtu, mwalimu, mgonjwa na mrithi ni majina yasiyouliza. Tena mizizi -ke na -ume inagawanya hata mikono: mkono wa kuume ni wa kulia, na wa kushoto katika Kiswahili cha zamani uliitwa mkono wa kike. Anayetaka kupata mtazamo wa jamii katika sarufi atapata chochote anachokitafuta. Historia ya taasisi ni shahidi imara zaidi.

Mwali wa bara, bibi wa mjini

Makabila yanayoizunguka Bagamoyo, yaani Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua, yamo katika kundi ambalo T. O. Beidelman alilieleza mwaka 1967 kuwa ni watu wa mashariki ya Tanzania wanaofuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba, yaani kaka wa mama, ndiye mwenye sauti katika urithi na ndoa. Mara nyingi mume alikwenda kuishi na kufanya kazi kwa wakwe kabla hajapewa ruhusa ya kumchukua mke. Binti wa namna hiyo, anapovunja ungo, hawi jambo la baba yake tu. Ukoo mzima unapata mlango mpya wa kuendelea.

Ndiyo maana Wazaramo walimweka mwali ndani. Utafiti wa Marja-Liisa Swantz, uliofanyika katika vijiji vya pwani na kuchapishwa mwaka 1970, unaeleza jambo hilo kwa undani. Kukaa ndani kulidumu miezi mingi, na zamani hata miaka. Mwali hakufanya kazi za nje, alilishwa, alifundishwa na wanawake wakubwa, na alitunza kinyago kidogo cha mbao, mwana hiti, chenye kiwiliwili bila mikono na kichwa chenye mafundo ya nywele. Alikitunza kama mtoto. Mti wa mkole ulikuwa na nafasi yake katika sherehe. Mwisho wake mwali alitolewa nje kwa ngoma, mbele ya kijiji chote, akiwa mtu mpya. Kwa hiyo ndani hapa ni hatua. Mwali huingia ili atoke, na kutoka kwake ndiko kunakosherehekewa.

Mamlaka ya mambo hayo yalikuwa mikononi mwa wanawake. Kungwi na nyakanga hawakuteuliwa na sultani, kadhi wala jumbe. Mwanamume hakuruhusiwa kuingia, na hapa panazuka swali ambalo wasomaji wa Desturi za Wasuaheli hawaliulizi mara kwa mara: Mtoro aliyajuaje mambo ya unyago wa wanawake aliyoyaandika? Hakuyaona kwa macho, kwa kuwa asingeruhusiwa. Alisimuliwa. Nyuma ya kurasa zile kuna mama, dada, mke au kungwi aliyekubali kusema, na aliyechagua pia mahali pa kunyamaza. Wenye ujuzi huo hawamo katika jalada.

Ukitoka kijijini ukaingia mjini, ndani hubadilika maana. Kwa waungwana wa Bagamoyo, na zaidi kwa Waarabu waliotoka Unguja, mwanamke mwenye heshima alitawa. Kitenzi kutawa maana yake ni kukaa ndani bila kutokatoka, na mtu wa hali hiyo huitwa mtawa. Huku hakukuwa kungoja jambo. Kulikuwa ni hali ya kudumu na dalili ya cheo, kwa sababu aliyeweza kutawa ni yule tu aliyekuwa na watu wa kumtekea maji, kumwendea sokoni na kumlimia shamba. Wapwani maskini hawakutawa hata kama walitamani. Heshima ya bibi mmoja aliyekaa ndani ilibebwa na wajakazi kadhaa waliokuwa nje.

Haitakuwa haki kusema kwamba bibi huyo hakuwa na kitu. Sheria ilimpa haki ya kumiliki mali kwa jina lake, kurithi, ingawa nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na kudai talaka kwa njia ya khului kwa kurudisha mahari. Kwa upande wa urithi sheria hiyo iligongana na ukoo wa mama. Mzaramo aliyesilimu alikuwa na warithi wa aina mbili, watoto wake kwa Qurani na wapwa wake kwa mila, na binti ambaye kwa mila alikuwa nguzo ya ukoo, kwa sheria akawa mrithi wa nusu fungu katika mali ya baba. Alipata mali na akapoteza nafasi, au kinyume chake, kutegemea nani aliitwa kuamua.

Kaskazini, Lamu na Pate, wanawake wa tabaka la waungwana waliacha maandishi. Utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu, wa mwaka 1858 hivi, alioutunga kwa ajili ya binti yake, ndio unaojulikana zaidi. Mrima haina utenzi unaolingana na huo kwa umaarufu. Ina makaburi. Huko Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, miongoni mwa makaburi ya kale ambayo watu wameendelea kuyaendea kwa dua limo linaloitwa la Sharifa, la mwanamke.

Waliokuwa nje

Wanawake wengi wa Bagamoyo ya karne ya 19 hawakuwa wali wala mabibi. Walikuwa watumwa. Msamiati wao ni mpana kwa namna inayosikitisha: mjakazi, kijakazi, mzalia, mjoli, suria. Lililo muhimu zaidi kihistoria ni suria. Suria ni mtumwa wa kike aliyefanywa na bwana wake mwenzi wa kitandani. Kwa sheria, akimzalia bwana mtoto na bwana akamkubali, mtoto ni huru na ni mrithi sawa na watoto wa mke wa ndoa. Mama hauzwi tena, na bwana akifa yeye anakuwa huru. Watetezi wa utumwa wa pwani walipenda kuitaja kanuni hiyo. Wanachokiruka ni kwamba mwanamke huyo hakuulizwa hapo mwanzo. Uhuru wake ulipitia tumboni mwake, na asiyezaa hakuwa na njia hiyo.

Kundi jingine la nje lilikuja na misafara. Kila msimu maelfu ya wapagazi walishuka Bagamoyo na pembe. Kwa kuwa Kiswahili hakionyeshi jinsia, neno wapagazi limesomwa na kutafsiriwa kana kwamba wote walikuwa wanaume. Utafiti wa Stephen Rockel kuhusu misafara, uliochapishwa mwaka 2000 na kuendelezwa katika kitabu chake cha mwaka 2006, umeonyesha kwamba wanawake wa Kinyamwezi walisafiri kwa wingi: wakipika, wakipika pombe ya kuuza, wakibeba vyombo na vyakula, na wengine wakijitegemea. Huyu ni mwanamke wa aina nyingine kabisa. Kwake nyumba ni kambi ya usiku mmoja, na mlango wa nakshi ni kitu cha kupita mbele yake.

Misheni

Mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao kaskazini ya mji. Watoto waliokuwa watumwa walinunuliwa au kuletwa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi. Walilelewa, wavulana upande wao na wasichana upande wao, na walipofikia umri waliozeshwa na kupewa nyumba na shamba katika Kijiji cha Kikristo. Tangu mwaka 1877, Mhonda ilipofunguliwa, jozi za namna hiyo zilipelekwa bara kuanzisha vijiji vipya.

Kwa msichana aliyenyang'anywa ukoo, ndoa hiyo ilikuwa jambo la ajabu. Hakukuwa na mama wa kupokea mkaja, mjomba wa kutoa shauri wala kungwi wa kumweka ndani. Kanuni ya Kanisa ilimtaka aseme mwenyewe kwa kinywa chake kwamba anakubali, na ilimkataza mume kuoa wa pili. Kwa hesabu ya sheria alipewa sauti ambayo suria hakupewa. Lakini aliyemchagulia mahali pa kuishi, kazi, na kwa kiasi kikubwa mtu wa kumkubali, alikuwa padre. Kollman, mwanahistoria wa misheni hiyo, ameonyesha mwaka 2005 kwamba baadhi walitoroka. Hilo nalo ni jibu.

Zaidi ya ndoa, misheni ilileta mwanamke ambaye Mrima haikuwa na jina lake. Masista wa Mabinti wa Maria walitoka kisiwa cha Réunion, ambako shirika lao lilianzishwa mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa huko, na likawapokea wanawake weusi pamoja na weupe. Hapa palikuwa na mwanamke mzima ambaye hakuwa mwali, mke, mjane wala suria, asiye na mtoto, anayewaamuru wengine na kuheshimiwa. Kiswahili cha Kanisa kilipotafuta neno kwa watu wa namna hiyo kilichukua mtawa, neno la bibi wa kiungwana aliyejifungia. Ni uteuzi wa kushangaza kidogo. Sista hakujifungia, alivuka bahari, akafundisha, akatibu. Neno lilichukuliwa kwa upande wake wa uchaji, na ule upande wa cheo na wajakazi ukaachwa nyuma ya mlango. Leo anayelisikia hafikirii kabisa nyumba za waungwana.

Mke wa Mtoro

Wajerumani walioutawala mji huu, na kuufanya makao yao hadi mwaka 1891, walipenda kujieleza kama walioleta heshima kwa mwanamke wa Kiafrika. Utumwa hawakuufuta, walitangaza tu kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru, na ilibidi kungoja sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Fikra zao wenyewe juu ya mwanamke zinaonekana vizuri zaidi katika ndoa mbili.

Ya kwanza ilianzia ng'ambo ya Bagamoyo, Unguja. Mwaka 1866 Salma binti Said, binti wa Sultani Said na wa suria wa Kicherkesi, alitoroka, na mwaka uliofuata akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Akabatizwa, akaitwa Emily. Mwaka 1885 serikali ya Ujerumani ilimpeleka Unguja na manowari zake ili madai yake ya urithi yamtie hofu Sultani Barghash. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake. Machoni mwa sheria ya Kijerumani mke alifuata hali ya mume, hivyo Salma alikuwa Mjerumani.

Ya pili ni ya Mtoro mwenyewe. Mwaka 1904, akiwa Berlin, alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Kwa kanuni ileile, mke huyu angefuata hali ya mumewe. Mwaka 1905 wawili hao walisafiri kuja Afrika Mashariki, na serikali ya koloni ikawakatalia wasikae. Mtu aliyeandika kwa ajili ya Wajerumani sura ndefu juu ya posa, mahari na harusi alizuiwa kurudi kwao na mke aliyemwoa kwa sheria ya Wajerumani wenyewe. Mwaka 1906 ndoa za namna hiyo zikapigwa marufuku katika koloni.

Ikilinganishwa, mantiki yake haina siri. Mwanamke wa Kiafrika angeweza kuvushwa kwenda upande wa mtawala. Mwanamke wa mtawala hakuruhusiwa kuvushwa kwenda upande wa mtawaliwa. Naye aliwekwa ndani, ndani ya taifa, na mlinzi wa mlango alikuwa gavana. Kujikweza kwa watawala mbele ya waungwana wa Bagamoyo kuhusu jambo la kuwafungia wanawake kulikuwa na msingi dhaifu kuliko walivyojua. Mtoro alirudi Ujerumani, akafundisha tena, Hamburg, na akafariki Berlin mwaka 1927.

Mila ya nani?

Baada ya uhuru serikali ilijaribu kuzikusanya fikra hizi zote katika sheria moja. Waraka wa mwaka 1969 ulifuatwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo iliipa ndoa tafsiri ya muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, ikatambua ndoa za Kiislamu, Kikristo, kimila na kiserikali, na kupiga marufuku mwenzi kumpiga mwenzake. Ilikuwa sheria ya mbele kwa wakati wake. Hata hivyo, iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume, na 15 kwa msichana kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo, Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2016 kwamba vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Upande wa serikali, katika utetezi wake, ulitaja miongoni mwa mengine mila na sheria ya Kiislamu.

Kwa mtu anayeifahamu Mrima, neno mila katika shauri kama hilo linahitaji kuulizwa ni la nani. Mila ya Mzaramo haikumtoa msichana mikononi mwa wanawake mara tu alipovunja ungo. Ilimweka ndani, na muda ule wa kukaa ndani ulikuwa wa kukua na kufundishwa. Kweli, mara nyingi alitoka kwenda kuolewa, na angali mdogo kwa kipimo cha leo. Lakini aliyeamua kwamba yu tayari alikuwa nyakanga na ukoo wa mama, wala si baba peke yake. Sheria iliyoandika ridhaa ya baba kwanza, na ya mama pale baba anapokuwa hayupo, haikunakili mila hiyo.

Mradi wa Jipemoyo wa miaka ya 1970, ulioongozwa na Swantz kwa ushirikiano wa Tanzania na Ufini, ulifanya utafiti katika Wilaya ya Bagamoyo, na Ulla Vuorela akatoa mwaka 1987 kitabu kinachotokana na kijiji cha Msoga. Wanawake wa wilaya hii walizungumza na watafiti wanawake kuhusu uzazi, kazi na urithi, na maneno yao yakaandikwa. Yaliandikwa, kwa sehemu kubwa, kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayetaka kuyasoma kwa Kiswahili bado hurudi kwenye kitabu cha mwaka 1903, kwa mwanamume wa Bagamoyo aliyesimama nje ya mlango wa unyago akaandika alichoambiwa.